Vumbi la Ufagio

Seremala unaweza kumdanganya kwa mambo mengi. Unaweza kumwambia mteja yuko njiani anakuja, naye akakaa kumngoja mpaka jua linazama. Unaweza kumwambia lile shati bado linampendeza. Lakini kwa vumbi, thubutu! Vumbi amelivuta, amelimeza, amelikung'uta nyweleni jioni na kulikuta tena kwenye shuka asubuhi. Hata ukimfunga kitambaa machoni atakuambia hili ni la msumeno na hili ni la msasa.

Na bado seremala wetu huyu, ambaye wenzake walimwita Randa kwa kuwa chombo hicho hakikumtoka mkononi, alidanganywa kwa vumbi wiki tano nzima. Tena na mke wake mwenyewe, tena huku akitabasamu na kushukuru.

Mkewe alikuwa mtengeneza kucha. Alianza zamani, kwa beseni la plastiki na kigoda barazani, binti yao akiwa bado ananyonya. Sasa binti ameshaolewa, na mama mtu ana chumba chake barabarani, chenye mlango wa kioo, viti viwili vya kuzunguka na meza iliyotengenezwa na unajua nani. Wateja walimwita Mama Vidole. Alizijenga kucha kwa unga na maji yake makali, akazikausha, kisha akazisaga kwa kile kimashine kinachozunguka kama cha daktari wa meno. Hapo ndipo vumbi linapotoka: jeupe, jepesi, lisilo na haraka ya kutua. Na yale maji makali yana mvuke wake, hauonekani, hauna adabu, unaingia kifuani bila kubisha hodi.

Kifua kilianza kumbana polepole. Kwanza kikohozi cha asubuhi. Halafu mluzi kwenye pumzi. Halafu akawa hawezi kupaza sauti bila kukohoa mpaka machozi yamtoke. Daktari alimsikiliza mgongoni, akampa dawa ya kuvuta, akampa na kibomba cha plastiki chenye mshale ili akipulizie kila asubuhi aone nguvu ya pumzi yake. Kisha akasema bila kupindisha maneno, "Mama, kinachokuumiza ni kazi yako. Ondoa hilo vumbi na huo mvuke mezani kwako, la sivyo uache. Nakupa miezi mitatu. Ukirudi na kifua hiki hiki, nitakuandikia uache."

Mama Vidole aliitikia "Sawa, daktari" kwa heshima zote. Walipotoka nje na mumewe, akakaa kwenye benchi.

"Nikiacha nitakuwa nani?" alimuuliza mumewe. "Niambie wewe. Nitaamka asubuhi niwe nani?"

Jibu la Randa lilikuwa mbao. Isitoshe, alikuwa amemzika fundi aliyemfundisha kazi, mtu mwenye kifua kama mlango, ambaye mwisho wa siku zake hakuweza kuzima mshumaa kwa pumzi. Tangu msiba ule Randa alifunga mabomba ya kufyonza vumbi karakanani kwake, na mtu asiyeyawasha hafanyi kazi pale. Kwa hiyo mambo ya kufyonza aliyajua. Alitafuta mota ya mashine kuukuu ya kusafishia mazulia, akaifunga ndani ya kisanduku cha mbao nyekundu, akakata dirisha juu yake na kulifunika kwa wavu laini, ule usiopitisha hata punje ya mtama. Mteja angeweka mkono juu ya wavu, vumbi lingevutwa chini papo hapo na kuingia kwenye mfuko wa kitambaa. Kingo alizipiga msasa mpaka zikawa laini ili zisiwaumize watu viganjani. Pembeni akachonga ua.

Alikijaribu karakanani, misumeno ikiwa kazini. Akainamisha sikio. Kilikuwa kimya kabisa, kinakoroma kidogo tu kama paka aliyeshiba. Akakipigapiga mgongoni kwa fahari. Angeweza kuiweka mota nje ya chumba, kama alivyoiweka ile ya karakanani, lakini hakutaka. Alitaka kisanduku kikae juu ya meza, watu wakione, waulize nani kakitengeneza. Fahari hiyo tumsamehe, maana alikuja kuilipia.

Siku ya kwanza Mama Vidole alirudi na mfuko mkobani. Randa akatandaza gazeti mezani, akakung'uta, na vumbi jeupe likaanguka kama unga wa kuandaa keki. Alishika kiuno akalitazama.

"Bibie, njoo uone! Hili lote lingekuwa kifuani mwako!"

Akacheka, akazunguka meza, akambusu mkewe utosini, jambo ambalo hakulifanya ovyo ovyo siku za kazi. Basi ikawa desturi. Kila jioni gazeti, kila jioni mfuko, kila jioni Randa anatikisa kichwa kwa shukrani.

Na kila asubuhi ilikuwa zamu ya mshale. Mama Vidole alipuliza, Randa akasoma namba, kisha akachukua penseli yake bapa na kuweka alama kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Fremu hiyo ilikuwa na alama nyingine za zamani, za urefu wa binti yao, kutoka usawa wa goti mpaka usawa wa bega. Za pumzi alizipanga kando yake, kila kumi upana wa kidole kimoja. Za binti zilikuwa zimepanda kama ngazi. Za mama zilikaa pale pale: mia mbili themanini, mia mbili themanini, mia mbili sabini, mia mbili themanini. Hata baada ya wiki tano zilikuwa zimejipanga kama ndege kwenye waya.

Hapo ndipo hesabu ilipokataa kukaa. Kama vumbi lote hili liko mfukoni, Randa aliwaza, kifuani kumebaki nini?

Jioni hiyo alivaa miwani. Alilisambaza vumbi kwenye gazeti kwa ncha ya kisu, kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Akaona kipande cha kucha chenye rangi nyekundu. Akaona uzi wa taulo. Akaona unywele mrefu uliojikunja. Na katikati, kimelala bila wasiwasi, kijiti cha ufagio chenye urefu wa kidole.

Randa alikichukua kwa vidole viwili. Wavu ule aliuchagua mwenyewe. Kijiti kile hakikuwa na njia ya kupita. Kilitiwa mfukoni kwa mkono, pamoja na vumbi lote lililofagiliwa sakafuni, baada ya kwanza kuelea chumbani kutwa nzima na kupita kifuani mwa mtu.

Mkewe alikuja kutoka jikoni, akamgusa bega. "Vipi mzee wangu, leo limejaa?"

"Limejaa," alijibu, kijiti ameshakitia kwenye mfuko wa shati.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini jioni ile waongo walikuwa wawili na wote walikula chakula chao wakapongezana kwa mapishi. Randa hakuhisi ladha yoyote. Hasira alikuwa nayo, lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu tupu. Zilikuwa zimebaki wiki saba za daktari, na tano zimeshatupwa.

Kesho yake baada ya saa sita aliaga karakanani kwamba anafuata gundi. Gundi ilikuwepo makopo matatu.

Alifika kwenye mlango wa kioo akasimama kando. Jua lilikuwa limeingia ndani, na katika mwanga wake vumbi lilikuwa limetanda juu ya vichwa vya wanawake wawili, linazunguka taratibu. Mkewe alikuwa ameinama akisaga kucha za Karani, binti mmoja wa ofisi ya mahakama aliyekuja kila baada ya wiki mbili. Karani huyu kutwa nzima alisikiliza ugomvi wa watu, kwa hiyo akitoka kazini alizungumza kwa sauti ya chini sana, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Midomo yake ilikuwa inakwenda, na Mama Vidole alikuwa anaitikia kwa kichwa, uso umejaa huruma. Na kile kisanduku? Kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pamewekwa kopo la maua ya plastiki.

Randa akasukuma mlango. Harufu ilimpiga puani kwanza, kali, tamu kwa mbali, inayokwaruza koo. Mkewe alishtuka. Kabla hata ya kumkaribisha, mkono wake ulikwenda kwenye swichi, maua yakaanguka, kitambaa kikanyonywa wavuni, kisanduku kikaamka. Masikioni mwa Randa alikuwa yule yule paka aliyeshiba.

Lakini Karani alikunja uso, akachomoa mkono na kuziba sikio kwa kiwiko ili asiharibu kucha.

"Mama, zima ndege!" alipiga kelele. "Si tulishakubaliana?"

"Ndege gani?" Randa aliuliza.

"Hii hapa, baba! Sisi tunaiita ndege. Juzi kuna mama mmoja aliuliza inaruka saa ngapi, aage watoto wake." Karani alikuwa anacheka, masikini, hamjui aliyesimama mbele yake. "Na mimi mambo ya mchumba wangu siwezi kuyapigia kelele mpaka barabara nzima ijue kaniacha."

Mama Vidole alimkanyaga mguu chini ya meza. Randa aliliona goti likisogea, maana meza ile aliijua kila ungio lake.

"Kwani ina kelele?" aliuliza.

Karani alimtazama kuona kama anatania. "Baba, kwani husikii?"

"Anasikia!" Mama Vidole alidakia haraka. "Anasikia vizuri sana. Ni mimi nisiyependa makelele."

Randa alisimama pale, mkono kwenye mgongo wa kiti. Swali la Karani alilisikia sawasawa, na jibu la mkewe alilisikia zaidi. Mambo mengi yalimjia kwa pamoja. Redio ya nyumbani, ambayo mkewe alidai ni yeye anayeipenda kwa sauti kubwa. Wageni wanaokuja, na mkewe anavyorudia kila wanachosema, "Eti mnamsikia, anasema mvua imeharibu ukuta wake," kama mtu anayeshangaa, kumbe anamfikishia mumewe maneno. Na jinsi asivyomwita tena kutoka chumba kingine, bali huja mwenyewe na kumgusa bega. Randa alidhani ni mapenzi ya uzeeni. Yalikuwa mapenzi kweli, ila hayakuwa hayo tu.

Alinyoosha mkono akazima kisanduku.

"Mmalizie mteja wako," alisema. "Nitangoja."

Akakaa kwenye benchi la ukutani, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa shuleni kwa makosa ya mtoto. Karani alimaliziwa kwa upole na haraka, huku akinong'onezwa aliyekaa benchini ni nani. Alipotoka aliinama mbele ya Randa. "Baba, nisamehe, sikujua ni kazi ya mkono wako. Kisanduku chenyewe ni kizuri. Lile ua pembeni kila mtu analisifu."

Mlango ulipofungwa, Randa alitoa kijiti mfukoni na kukiweka juu ya meza.

"Hiki ni nini, bibie?"

Mama Vidole alikitazama. "Kijiti cha ufagio."

"Wavu wangu unapitisha vijiti vya ufagio?"

Mke alifungua mdomo ajitetee, akaishia kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikageuka kikohozi kilichomkunja mpaka paji la uso likagusa meza. Randa alimwekea kiganja mgongoni. Kikohozi alikisikia kwa mbali tu, lakini mluzi wa kifuani ulimfikia kiganjani, unatetema kama randa inayopita kwenye mbao yenye fundo. Akamngoja mpaka ukatulia.

"Siku ya pili tu wateja walinung'unika," Mama Vidole alisema akijifuta macho. "Ya tatu nikaizima. Nikarudi nyumbani nimejiandaa kukuambia, naapa. Nakukuta umeshatandaza gazeti. Umekaa unangoja mfuko kama mtoto anayengoja zawadi. Nikashindwa. Nikarudi huku kazini nikisingizia nimesahau mkoba, nikachota kwenye mfuko wa taka vumbi nililokuwa nimelifagia. Basi, nikanogewa."

"Umenivika kilemba cha ukoka wiki tano."

"Na kilikupendeza."

"Usinichekeshe, nimekasirika. Kwa nini hukuniambia ina kelele?"

"Ningesema ina kelele, wewe ungesema haina. Halafu ningelazimika kusema na la pili."

"Lipi la pili?"

"Sitaki."

"Sema, bibie."

Alilisema akiwa ameinamia mikono yake. Randa aliona midomo ikisogea, lakini hakupata neno. Mke akanyanyua uso, akaona kwamba hakulipata, na macho yakamjaa upya. Akasimama, akazunguka meza, akaweka mdomo karibu na sikio la mumewe.

"Masikio yako, mume wangu. Misumeno imeyala."

Chumba kilikuwa na ukimya, au Randa alidhani ni ukimya. Sasa hakuwa na hakika tena na ukimya wowote.

"Tangu lini?"

"Tangu harusi ya binti. Alikuaga mara mbili pale mlangoni, ukawa unafunga mizigo tu. Akaondoka analia, nikamwambia baba yako naye anaficha machozi."

Hilo lilimchoma kuliko kisanduku, kuliko vumbi. Alijikaza. Kisha hasira ikampanda kweli, hasira ya mtu aliyeogopa.

"Kwa hiyo uliona afadhali ufe wewe ili mimi nisione haya? Nimemzika fundi wangu kwa vumbi. Unataka nikuzike na wewe, halafu nikae nyumbani na masikio yangu yenye heshima? Mficha uchi hazai, bibie!"

"Mimi nimeshazaa," Mama Vidole alisema.

Wakatazamana. Randa ndiye aliyeshindwa kwanza. Alicheka mpaka akavua miwani, na mkewe akacheka kidogo kidogo, akishika kifua kwa mkono ili kicheko kisimletee kikohozi tena.

"Na humu ndani," Randa alisema alipopata pumzi, "mnakaaje na harufu hii?"

"Harufu gani?"

Alidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anavuta hewa puani kwa bidii, huku na huku, kama anayetafuta kitu kilichopotea chumbani.

"Hunusi kitu?"

"Sinusi. Nilidhani nimeshazoea tu."

"Jumapili maziwa yaliungua mpaka jirani akaja kubisha, na wewe umekaa jikoni unashona kifungo."

"Nilikuambia nilikuwa na mawazo." Alisita. "Sikuwa na mawazo."

Randa alivuta kiti cha mteja akaketi mbele yake, akachukua mikono yake miwili na kuiweka juu ya wavu. Kinyozi hajinyoi, na hawa wawili kwa miaka mingi waliwahudumia watu huku mmoja akipoteza masikio na mwingine pua, hakuna aliyejitazama mwenyewe.

"Haya basi," alisema. "Mimi sisikii, wewe hunusi. Tukiunganishwa tunapata mtu mmoja mzima. Kisanduku tunakitengeneza upya, na safari hii wewe ndiye masikio, mimi ndiye pua. Ukisema ina kelele, ina kelele. Nikisema inanuka, inanuka. Asibishe mtu."

"Asibishe mtu," Mama Vidole alirudia.

Walianza siku iliyofuata. Randa aliing'oa mota kutoka kwenye kisanduku kizuri, na haikumuuma kama alivyodhani. Aliipeleka nje, nyuma ya chumba, akaitengenezea nyumba yake ya mbao na kuizungushia vipande vya godoro kuukuu. Mwenye jengo alikubali ukuta utobolewe baada ya kuahidiwa kupigiwa randa mlango wake uliokuwa unakwaruza sakafu tangu masika. Bomba likapita tunduni, pana na fupi, bila kona nyingi, likatokea chini ya meza. Vumbi lingeishia kwenye mfuko kule nje. Mvuke, ambao hakuna mfuko wa kitambaa unaoukamata, ungetoka kabisa na kupanda juu ya paa, mbali na madirisha ya watu.

Mara ya kwanza walipoiwasha, Mama Vidole alisikiliza, akatikisa kichwa. "Bado inanguruma. Inapita ukutani."

Randa hakusikia kitu. Zamani angebisha. Sasa alitoka nje, akaweka kiganja ukutani, akausikia mtetemo. Akakata kandambili kuukuu vipande vinne na kuviweka chini ya miguu ya mota.

"Sasa?"

"Sasa afadhali. Kama mtu anayepika chumba cha tatu."

Wakamwita Karani aje kuwa hakimu. Aliketi, akaweka mkono wavuni, akazungumza kwa ile sauti yake ya kuogopa kuamsha mtoto, akasimulia kwamba mchumba ameomba msamaha na yeye bado anamwacha anyooke kwanza. Mama Vidole alisikia kila neno, akauliza na maswali. Randa aliyekaa benchini hakusikia hata moja, lakini alivuta hewa kwa nguvu. Ile harufu ya kukwaruza koo ilikuwa imepungua.

"Bado kidogo upande huu," alisema. "Funga kile kichupa kila ukichovya brashi. Na pamba zilizoloa usiziache wazi, zitie kwenye pipa lenye kifuniko."

"Ndiyo, bwana pua," mkewe aliitikia, akafunga.

Wakaweka na sheria mbili: mashine iwashwe kabla kichupa hakijafunguliwa, na isizimwe mpaka mteja wa mwisho ameshafika barabarani. Ua lililochongwa lilibaki pale pale mezani. Mfuko sasa Randa aliukung'uta mwenyewe kila Jumamosi, kule nyuma, akiwa amevaa barakoa. Vumbi lilikuwa laini tupu, halina kipande cha kucha, halina unywele. Mara ya kwanza alilitazama kwa muda mrefu, kisha akalifunga na kulitupa.

Kwenye fremu ya mlango alama hazikupanda mara moja. Wiki ya kwanza mia mbili themanini. Ya pili vile vile, na Randa akaanza kukosa usingizi. Ya tatu, mia tatu. Ikashuka kidogo, ikapanda tena. Wote wawili walipita mlangoni pale kwa kunyata, kama watu wanaopita karibu na ndege wasitake aruke. Wiki ya sita alama zilikuwa zimefika kwenye mstari wa binti yao alipokuwa darasa la kwanza.

Asubuhi ya kwenda kwa daktari, Mama Vidole alipuliza akiwa ameshavaa nguo za safari. Randa alisoma mshale, akasoma tena, akamwonyesha. Mia tatu na hamsini. Akamgeuzia mgongo kutafuta penseli kwenye droo, na alipogeuka tena alimkuta mkewe amesimama karibu na dirisha, anamtazama, midomo inasogea. Alilisema jambo kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea.

Midomo ile Randa alikuwa ameishi nayo miaka thelathini, na safari hii aliisoma bila taabu. Lakini hakuitikia. Aliweka mkono nyuma ya sikio.

"Sema kwa nguvu, bibie," alisema. "Siku hizi sisikii vizuri."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba mtu apaze sauti, na haikumuua. Mama Vidole alimtazama, akaelewa anachoombwa. Akavuta pumzi. Ilishuka, ikashuka zaidi, mabega yakapanda, na Randa aliona kifua kikijaa kama alivyokuwa hajakiona kikijaa tangu mwaka jana.

"NIMESEMA AHSANTE, MUME WANGU!"

Kutoka upande wa pili wa ukuta jirani akajibu, "Na sisi tumesikia!"

Randa hakucheka bado. Alikuwa anangoja, macho yamemtoka, anatazama koo la mkewe na mkono wake uliokuwa tayari kifuani. Alingoja kile kikohozi ambacho kila mara kilifuata. Akangoja, naye mkewe akangoja. Hakikuja.

Basi akaigeukia fremu, akaweka alama.